Damu Kwenye Choo, Jeni za Mafuta na Saratani ya Utumbo Mpana: Maswali na Majibu

Saratani ya utumbo mpana ni nini?
Ni seli za ukuta wa ndani wa utumbo zinazozaliana ovyo. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kisichouma, kinachokaa miaka kabla ya kugeuka saratani.

Musawo (daktari), nimesikia jeni za mafuta, yaani maagizo ndani ya seli yanayosimamia mafuta, huonyesha nani atapona. Kweli?
Kuna ukweli. Seli ya saratani haigawanyiki bila kujenga utando mpya, na utando huo hujengwa kwa mafuta. Ndiyo maana jeni zinazosimamia mafuta huweza kufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti wa Hispania walichunguza jeni 4 za namna hiyo (ABCA1, ACSL1, AGPAT1 na SCD) kwa wagonjwa wa hatua ya pili, yaani uvimbe umepenya ukuta wa utumbo lakini haujaenea kwingine. Zilipokuwa na shughuli nyingi kwenye uvimbe, ugonjwa ulielekea zaidi kurudi.

Basi niache chapati?
Hayo ni mambo mawili. Jeni hizo husomwa ndani ya uvimbe, si kwenye sahani yako. Seli ya saratani hujitengenezea mafuta hata kutokana na sukari. Yanayoongeza hatari ni unene, sigara, pombe na nyama nyekundu kwa wingi. Na waragi haisafishi tumbo, tafadhali.

Nipimwe jeni, basi?
Kwa kipande kipi cha uvimbe? Unaona damu chooni lakini hujakubali kuchunguzwa, hata hatujui kama uvimbe upo. Kinachoamua zaidi ni hatua uliyofikia. Marekani, ugonjwa ukikutwa bado ndani ya utumbo, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukikutwa umeenea mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Lakini damu kwenye choo si ni bawasiri tu?
Nani kakuambia? Jirani? Muuza dawa ambaye hakukugusa? Hapa Uganda wengi wanaita kooko, wanakalia maji ya mitishamba, wananunua tyubu ya dawa, damu inakata wiki mbili, wanashukuru Mungu. Uvimbe nao hutoka damu na kuacha, hivyo damu kukata si kupona. Bawasiri zipo, tena nyingi, ila hazitambuliwi kwa kukisia. Na mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani pamoja.

Haiumi, kwa nini niharakishe?
Kwa sababu mwanzoni haiumi! Mkisubiri maumivu mnatuletea tumbo lililovimba, choo kimeziba na mtu amekonda. Choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukipungukiwa damu bila sababu inayojulikana, ukihisi haja haijaisha, njoo.

Nina miaka 32. Huu si ugonjwa wa wazee?
Vijana pia wanaugua. Damu ni damu, uwe na 32 au 70.

Nianzie wapi?
Kituo cha afya kilicho karibu. Ukipewa dawa ya bawasiri bila kuchunguzwa, omba uchunguzwe njia ya haja kubwa kwa kidole chenye glavu. Ni dakika moja, na aibu hiyo sisi tumeizoea. Kidole hakifiki mbali, kwa hiyo hata kisipogusa kitu, damu ikiendelea omba rufaa ya hospitali ya mkoa, upimwe kwa kamera inayoingizwa utumboni. Wakikuta uvimbe watakata kipande cha kupeleka maabara, kisha huenda ukapelekwa Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala. Mitishamba iache nyumbani, na ukiulizwa umetumia nini, sema yote.