Mionzi ya protoni: faida yake iko nyuma ya uvimbe

Ndugu na marafiki wanaonipigia kutoka Mbeya, Tukuyu, Makambako mpaka Iringa siku hizi wananiuliza kitu kimoja, eti kuna mionzi mipya ya kansa inaitwa protoni, haina madhara, iko India, je tumpeleke mgonjwa? Mara nyingi anayepiga ameshatumiwa klipu WhatsApp na familia imeshaanza kikao cha kuuza shamba la miti. Mimi kazi yangu ni fizikia ya tiba, yaani nakaa na daktari wa mionzi tunapanga mionzi iingilie wapi, kiasi gani, na isiguse nini. Kwenye simu hili jambo haliishi, acha niliandike hapa kwa urefu.

Kitu ambacho klipu hazisemi: protoni, chembe ndogo sana ya kwenye kiini cha atomu, haiui kansa kwa ukali zaidi ya mionzi ya eksirei tuliyoizoea. Kwenye hesabu zetu tunaihesabia nguvu ya mara 1.1 ya eksirei, asilimia 10 hivi, na dozi tunaipunguza kwa kiasi hichohicho, basi hapo wako sawa. Tofauti iko kwenye pale inaposimama.

Eksirei za matibabu hazina uzito wala chaji. Zinaingia kwenye ngozi, sentimita chache tu ndani zinafikia kilele, halafu zinapungua taratibu huku zinasonga mbele mpaka zinatokea upande wa pili wa mwili, kwa hiyo uvimbe ukiwa mbele ya moyo, moyo nao utapata chake. Sisi tunapambana na hilo kwa kupiga kutoka pande nyingi ili miale ikutane kwenye uvimbe, na mashine za sasa zinafanya hiyo kazi vizuri sana, ila gharama yake ni kwamba dozi ndogondogo inasambaa eneo kubwa la mwili.

Chukua basi la Mbeya kwenda Dar na useme uvimbe uko Mafinga. Eksirei ni basi linaloanza kushusha watu Uyole, linashusha Igawa, Makambako, Mafinga, na bado linaendelea kushusha Iringa, Mikumi, Morogoro mpaka Dar. Protoni inashusha wachache njiani, ikifika Mafinga inashusha karibu wote waliobaki na inazima injini palepale, Iringa haifiki kabisa.

Kwanini inakuwa hivyo? Protoni ina chaji na ina uzito, mara 1,836 ya elektroni. Inapopita kwenye mwili inavutana na elektroni (chembe nyepesi za atomu) za njiani na kila mara inapoteza kasi kidogo, na kadiri inavyokuwa polepole ndivyo inavyokaa muda mrefu karibu na kila elektroni na kuachia nishati nyingi zaidi, kwa hiyo mwishoni kabisa mwa safari yake inamwaga kwa wingi halafu inasimama. Kilele hicho kinaitwa kilele cha Bragg. Na tunachagua wenyewe kisimame wapi kwa kupanga nishati ya kuanzia: elektronivolti (kipimo cha nishati) milioni 70 zinafika kama sentimita 4 ndani ya maji, milioni 230 zinafika kama sentimita 33, na mwili wetu kwa hesabu hii ni karibu sawa na maji. Uvimbe una unene, hivyo tunapanga vilele vingi vya vina tofauti kimoja baada ya kingine mpaka uvimbe wote ujae. (Ndio maana ngozi ya mbele nayo inapata dozi yake, miale ya vilele vyote hivyo inapitia hapohapo, anayekwambia protoni haina madhara anakudanganya.)

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanafizikia Robert Wilson aliliandika mwaka 1946, mgonjwa wa kwanza akatibiwa Berkeley, Marekani, mwaka 1954, na hospitali ya kwanza Marekani kuwa na mashine yake yenyewe ikawa Loma Linda, California, mwaka 1990. Hata Afrika tiba hii imewahi kuwepo, maabara ya iThemba LABS karibu na Cape Town walianza mwaka 1993, siku hizi hawatibu tena.

Sasa nani anafaidika? Hapa nataka nikae kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe. Ni watoto. Kuna kansa ya ubongo wa nyuma inaitwa medulloblastoma, baada ya upasuaji mtoto anahitaji mionzi kwenye ubongo wote na uti wa mgongo wote, kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Ukitumia eksirei kutoka mgongoni, zinapita uti wa mgongo na kuendelea mbele: moyo, mapafu, ini, utumbo, na kwa mtoto wa kike mpaka mayai ya uzazi. Kwa protoni tunaisimamisha kwenye ukingo wa mbele wa pingili za mgongo, na kwa mtoto anayekua tunaacha kwa makusudi pingili nzima ipate dozi sawa ili mgongo usije kukua umepinda. Mbele ya pingili dozi inakuwa karibu na sifuri. Mtoto wa miaka 6 akipona ana miaka 60 au 70 ya kuishi na huo mwili, kwa hiyo kila kiungo ulichokiacha salama ni masikio yanayosikia darasani, ni homoni za kukua, ni moyo usiochoka mapema, na ni hatari ndogo ya kupata kansa nyingine ukubwani iliyoletwa na mionzi yenyewe. Kwa mtoto wa namna hii mzazi akiniuliza namwambia wazi, protoni inafaa kupiganiwa.

Wengine ni wenye uvimbe chini ya fuvu au kwenye mifupa ya mgongo kama kodoma, unaohitaji dozi kubwa wakati shina la ubongo liko milimita chache tu pembeni, pia melanoma ya ndani ya jicho.

Ila huko kusimama ghafla kuna hatari yake. Kina tunakikokotoa kutoka kwenye picha za CT na kuna kosa la asilimia 3 hivi halikwepeki, kwa uvimbe ulio sentimita 20 ndani hiyo ni zaidi ya nusu sentimita. Mgonjwa akipungua uzito, kamasi zikijaa kwenye sinasi (matundu ya ndani ya mifupa ya uso), gesi ikihama tumboni, protoni inasimama mbele zaidi au inaishia njiani kabla ya uvimbe. Eksirei inasamehe vitu hivi, protoni haisamehi, ndo maana kituo kizuri kinarudia CT mara kwa mara katikati ya matibabu.

Na kwa wagonjwa wetu wengi? Kansa inayoongoza kwa kinamama Tanzania ni ya shingo ya kizazi. Hiyo inatibiwa na mionzi ya nje ya kawaida, dripu za kemo kila wiki, halafu mionzi ya ndani ambapo chanzo kinawekwa palepale kwenye uvimbe. Mionzi ya ndani inakazia dozi kwenye uvimbe na kupungua haraka pembeni, na haina mbadala kwenye protoni. Mama wa hivyo anachohitaji ni kufika hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, mapema na kumaliza dozi, sio ndege. Tezi dume nayo: utafiti wa Marekani wa wanaume 450 uliotoa matokeo mwaka 2024 ulilinganisha protoni na eksirei za kisasa, matatizo ya haja kubwa hayakutofautiana. Na kansa ikishasambaa kwenye ini na mifupa mingi, protoni haina cha kuokoa hapo, naomba sana msiuze shamba.

Bei inatokana na mitambo. Chombo cha kuzungusha miale kumzunguka mgonjwa kina uzito wa zaidi ya tani 100, kuta za zege ni za mita mbili na zaidi, kituo chenye vyumba kadhaa kinapita dola milioni 100. Chennai, India, kipo kituo tangu 2019, ndicho watu wengi wa huku wanachokisikia.

Kwahiyo kabla ya kikao cha familia muulizeni daktari wa mionzi maswali mawili: nyuma ya uvimbe kuna nini, na kwa mionzi ya kawaida hicho kilichopo nyuma kitapata dozi gani? Akisema kiko ndani ya kiwango salama, protoni haina la kuongeza. Kama rufaa ya nje inahitajika kweli, bebeni majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) na picha zenyewe za CT au MRI kwenye CD, karatasi ya maelezo peke yake haitoshi kupanga mionzi. Na mgonjwa aliyekwishaanza mionzi msimtoe katikati mkisubiri visa, siku zinazoruka zinaupa uvimbe nafasi ya kuota upya, mwacheni amalize.