Mshtakiwa hutiwa hatiani lini?

Baadhi ya wananchi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria mjini Moshi huona ndugu yao ameshapatikana na hatia tangu siku aliyopelekwa mahabusu katika Gereza la Karanga. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Hata mahakama inapoamua kwamba ana kesi ya kujibu, bado hajatiwa hatiani, kwani uamuzi huo unamtaka ajitetee tu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, mshtakiwa aliyekana shtaka hutiwa hatiani pale hakimu au jaji, baada ya kupima ushahidi wa pande zote, anapotamka hivyo katika mahakama ya wazi, kwa hukumu ya maandishi inayoeleza hoja, uamuzi na sababu zake, na kutaja kosa pamoja na kifungu husika. Adhabu hufuata baadaye, upande wa mashtaka ukishaeleza rekodi ya mshtakiwa na yeye mwenyewe akishatoa shufaa, yaani maombi ya kupunguziwa adhabu. Mpangilio huu una uzito wake: Mahakama ya Rufani imelazimika mara kadhaa kushughulikia majalada ambayo mshtakiwa alipewa kifungo bila kutiwa hatiani kwanza.

Anayekiri hufika hapo mapema zaidi, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hatari kubwa. Baada ya kukiri, husomewa maelezo ya kosa na kuulizwa kama anayakubali. Akijibu “ni kweli, lakini alinianza yeye”, jibu hilo linaweza kuwa utetezi, na mahakama inapaswa kuandika kwamba amekana. Akikubali yote hutiwa hatiani papo hapo, na kwa kawaida rufaa yake itahusu ukubwa au uhalali wa adhabu pekee.

Rufaa haisimamishi hatia, ambayo hubaki mpaka mahakama ya juu iitengue. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.