Mailo ni nini, na shamba moja linakuwaje na wenyewe wawili

Mailo ni maili. Ndo hivo tu, usihangaike kutafuta asili yake kwenye Kiganda cha mababu. Ni lile neno la Waingereza la kupimia umbali, Waganda wakalitia mkia wao kama sisi tulivyolitia wa kwetu, likabaki kuwa jina la aina ya umiliki wa ardhi ambayo utaikuta Uganda, hasa Buganda, kwa sababu mwaka 1900 ardhi ya ufalme ule iligawiwa kwa maili za mraba kama nyama ya arusi, huyu nane, yule kumi na sita, mfalme mia tatu na hamsini.

Mwenye mailo ana hati, na ardhi ni yake milele, anarithisha, anauza, anaweka rehani benki. Shida (au raha, inategemea umekaa upande gani) ni kwamba juu ya ardhi hiyohiyo kuna watu wanaishi, wana migomba yao, wana makaburi ya babu zao, na sheria inawatambua na wao. Kipande cha huyo mkaaji kinaitwa kibanja, neno ambalo hata Wahaya wanalo kwa shamba lao la migomba. Sasa hapo una mtu mmoja mwenye karatasi na mwingine mwenye migomba, na wote wawili wakisema "shamba langu" hakuna anayedanganya.

Wengi wanasema huu ni ukabaila wa jadi wa Waganda, eti Mwingereza aliukuta akauandika tu. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari na nusu mbovu.

Kabla ya 1900 mwami, yaani chifu, alipewa eneo na Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kwa ajili ya cheo chake, Kabaka akimchoka cheo kinaenda na eneo linaenda, anakuja mwami mwingine anakaa palepale. Na mkopi, mwananchi wa kawaida, nae alikuwa na njia yake, mwami akizidi ukali anafunga mizigo usiku anaenda "kusenga" kwa mwingine, kujiweka chini yake, na mwami aliyehamwa na watu alikuwa kwenye hali mbaya maana hana wa kumlimia, hana wa kumjengea uzio wa matete wala wa kwenda nae vitani. Ndo maana Waganda wana msemo kwamba mwami hatawali ardhi, anatawala watu. Ukiuelewa huo umeelewa karibu kila kitu. Pembeni kulikuwa na ardhi za koo, butaka, walikozikwa wazee, hizo zilishikwa na wakuu wa koo wanaoitwa bataka na hata Kabaka alizigusa kwa hadhari.

Tarehe 10 Machi 1900 ukasainiwa mkataba. Upande wa Waingereza alikuwa Harry Johnston, upande wa Buganda mfalme mwenyewe, Daudi Chwa, alikuwa mtoto hata miaka 4 hajafikisha, kwa hiyo waliosimama kwa niaba yake ni walezi wa kiti watatu, Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Hawa hawa kila mmoja akaondoka na maili 16 za mraba kuwa mali yake binafsi, na nyingine 16 za cheo. Machifu wakubwa wa majimbo, 20 kwa idadi, wakapata 8 za binafsi na 8 za cheo. Alafu likaja fungu nono, machifu na wenye mashamba 1,000, kila mmoja akikadiriwa maili 8, jumla 8,000. Serikali ya kikoloni ikajichukulia 9,000 zilizoitwa pori lisilolimwa pamoja na 1,500 za misitu. Jumla ya Buganda nzima waliandika maili 19,600, na hapo hakuna aliyekuwa amepima kitu, walikisia, kazi yenyewe ya kupima ikakokota mpaka miaka ya 1930.

Anayechagua nani aingie kwenye ile elfu moja ni Lukiiko, baraza la ufalme, na Lukiiko ni la machifu. Unategemea nini? Majina yaliongezeka mpaka waliopata wakapita 3,000, kila mtu anasukuma ndugu na wafuasi wake, na ardhi nyingi za koo zikajikuta kwenye hati za watu wasiohusika na makaburi yaliyomo. Bataka walikuja kujikusanya mwaka 1921 kudai haki yao, tume ikaundwa, wakasikilizwa kwa adabu, na hati zikabaki zilipokuwa.

Sasa chukua shamba moja dogo la hizo maili 8. "Dogo" ni kwa hesabu zao, maana maili moja ya mraba ni ekari 640, kwa hiyo hapo tunaongelea ekari 5,120 zenye vijiji ndani yake. Wakopi waliokuwa wanaishi mle hawakuulizwa wala hawakuhama, walilala wakiwa watu wa mwami wakaamka wapangaji wa mwenye shamba. Mwenye shamba akawa anachukua busuulu, ambayo mwanzo ilikuwa kazi ya mikono ikaja kuwa hela, na nvujjo, sehemu ya mavuno kama pombe na baadae pamba. Hapo ndo ule msemo ulipokufa, kwa sababu huyu bwana hata watu wakimkimbia ardhi bado ni yake, na hata akifukuzwa uchifu kesho hati iko kabatini. Hahitaji tena kupendwa.

Pamba ilipoanza kuleta hela, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900, wenye mailo wakapandisha nvujjo, mkulima akawa analimia watu wawili, mwenye shamba na kodi ya nyumba ya serikali ambayo mkataba uliiweka rupia 3 kwa mwaka. Waingereza wakaona mkulima akikata tamaa pamba inapungua, na pamba ndo walichokuwa wanaitaka, wakalibana Lukiiko mpaka likapitisha sheria ya busuulu na nvujjo ya 1927. Busuulu ikafungwa kwenye shilingi 10 kwa mwaka, nvujjo ikawekewa kikomo kwa kila ekari ya pamba au kahawa, na mtu wa kibanja hafukuzwi bila amri ya mahakama, akifa mwanae anarithi. Shilingi 10 za 1928 zilikuwa kitu, miaka 30 baadae zimekuwa hela ya chumvi na sheria bado inasema 10! Kwa hiyo mwenye mailo akaanza kukata vipande anauza, watoto wakagawana, na zile ekari elfu tano zikawa hati za ekari mbilimbili. Mimi huwa nasema makabaila wa Buganda hawakupinduliwa, walipauka tu.

Palipobaki pabaya kweli ni Buyaga na Bugangaizi, maeneo ya Bunyoro, ufalme jirani, yaliyopewa Buganda na Waingereza. Kura ya 1964 iliyarudisha Bunyoro, lakini hati za mailo zilibaki kwa Waganda waliokuwa mbali, Mnyoro akawa amerudishiwa nchi na bado ni mpangaji.

Mwaka 1975 Idi Amin alitoa amri kwamba ardhi yote ni ya umma na mailo zikageuzwa za kukodi, kwenye karatasi, kule vijijini watu waliendelea kuitana mwenye na mpangaji kama kawaida. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo rasmi, na sheria ya ardhi ya 1998 ikamlinda aliyekuwa amekaa bila kusumbuliwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba hiyo. Marekebisho ya 2010 yakasema sababu ya kumtoa ni moja, kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama.

Kwa hiyo ukienda kununua ardhi Wakiso au Mukono, huko Buganda, swali la kwanza sio bei, ni unauziwa hati au kibanja. Kama ni kibanja utatakiwa kumwona mwenye mailo akubali kukutambua, na hiyo hela unayompelekea, mpaka leo, inaitwa kanzu.