Nane inazidi tano: mtoto anajua, sentensi ndiyo hana

Mwalimu wa chekechea katika shule ya Marekani anapanga vifuniko vya chupa mezani, vinane huku, vitano kule, kisha anauliza: "Which group is greater?" Mtoto aliyewasili miezi michache iliyopita kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Tanzania, anatabasamu tu. Mwalimu anaandika kwamba bado hajui kulinganisha namba. Jioni mama yake anamwaga maharage mafungu mawili na kumuuliza, "Wapi kumezidi?" Mtoto anaonyesha papo hapo, hata kuhesabu hajahesabu.

Visa vya namna hii tunavikuta mara nyingi. Viwango vya hesabu vya Common Core, vilivyotolewa mwaka 2010 na kufuatwa na majimbo mengi, humtaka mtoto wa chekechea atambue kundi lipi lina vitu vingi, vichache au sawa, na alinganishe tarakimu za 1 hadi 10. Akifika darasa la kwanza analinganisha namba za tarakimu mbili kwa alama >, = na <. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, hapo anapimwa namba na ulimi kwa mpigo mmoja, na maksi inayotoka ni moja.

Kiswahili hakigusi kivumishi kinapolinganisha. Kubwa hubaki kubwa. Kazi inafanywa na "kuliko", na "kuzidi", au kwa wengi wanaotoka Congo, "kupita". Kiingereza hukitia kivumishi mkia: "great" inakuwa "greater", na mtoto asiyeuzoea mkia huo hausikii. Tena "great" anaijua kwa maana nyingine kabisa. Kila akiandika jina lake vizuri anaambiwa "great job!", sasa akiambiwa nane ni "greater", haoni ajabu kudhani nane imepewa sifa.

Walimu wengine hukimbilia "bigger". Andika 3 kwa mwandiko wa kujaza ukurasa na 8 ndogo pembeni, umuulize mtoto ipi ni "bigger". Atakuonyesha 3, na macho yake hayajamdanganya. "Kubwa" yetu ina mtego uleule. Ndiyo maana nashauri kuanza na "kuzidi" nyumbani, na darasani kuanza na "more", ambalo watoto wengi huliokota mapema mezani wakitaka kuongezewa. "Less", yaani pungufu, lisubiri kidogo, kwani hata waliozaliwa na Kiingereza mdomoni huchelewa kulimudu.

Kuna suala la mamba, na hapa sina subira. Shule nyingi hufundisha kwamba alama ni mdomo wa mamba mwenye njaa, anayefumbua kinywa upande wa namba kubwa. Watoto hufurahi, huchora meno, halafu wakiona 3 < 8 husema "nane ni kubwa", wakisoma kuanzia kulia. Jibu si kosa, ila sentensi iliyoandikwa hawajaisoma: "three is less than eight". Kwangu mimi penseli mbili zinatosha. Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, alipoleta alama ya = mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa kuwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Zilaze penseli hivyo kati ya mafungu mawili yaliyo sawa. Kisha punguza maharage upande mmoja na uzikutanishe ncha za penseli upande huo huo. Alama imejitokeza yenyewe, na mtoto anaisoma kwa kidole, kushoto kwenda kulia.

Sikio nalo lina shida zake. "Kumi na nne" na "arobaini" hazifanani hata kidogo, lakini "fourteen" na "forty" huwapotosha hata watu wazima dukani. Akikosea kuzilinganisha, mwonyeshe kwanza zimeandikwa. Akiziona akapatia, shida ilikuwa sikioni. Mfundishe kusikiliza mwisho wa neno, jinsi "teen" inavyovutwa.

Swali gumu kuliko yote ni "how many more?" Ndege watano, minyoo mitatu: ndege wamezidi kwa wangapi? Wengi hujibu "watano". Mwaka 1983 mtafiti Tom Hudson alionyesha kwamba watoto walewale hupatia zaidi wakiulizwa kila ndege akikimbilia mnyoo, ni wangapi watakosa. Liulize hivyo kwa Kiswahili kwanza, ndipo umkopeshe sentensi ya Kiingereza.

Mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu ampime mtoto kwa Kiswahili pia kabla ya kuamua kwamba hesabu imemshinda. Katika kesi ya wanafunzi wenye asili ya China wa San Francisco, mwaka 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kumpa asiyejua Kiingereza vitabu na walimu sawa na wenzake hakujamtendea sawa.

Nyumbani, chukueni karata, ondoeni zile za picha. Kila mmoja afunue moja. Mwenye namba iliyozidi anachukua zote mbili, lakini kwanza aseme sentensi nzima, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Asiposema, karata zinabaki mezani.