Skrini nyingi jukwaani: maana yake hasa nini?

Mwalimu akisema "igizo letu lina skrini tatu", wengi huwaza projekta tatu zikimulika picha ileile kwenye mashuka matatu meupe. Hiyo ni picha moja iliyorudiwa mara tatu. Picha za skrini nyingi ni kitu kingine: kila skrini ina picha yake, na zote hubadilika pamoja au kwa kupishana, kufuata yanayotokea jukwaani. Kushoto soko, kulia bahari, katikati uso wa bibi anayesimulia.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwongozaji wa maigizo wa Ujerumani, Erwin Piscator, alitumia filamu kwenye majukwaa ya Berlin miaka ya 1920, na mwaka 1958, kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, msanifu wa majukwaa Josef Svoboda alishiriki kuonyesha Polyekran: skrini nane zilizoning'inizwa kwa pembe tofauti, picha zikipishana juu yake. Wakati ule ilihitajika mitambo chungu nzima ya slaidi na filamu. Leo laptopu moja hutosha, mradi ujue tofauti ya kunakili na kupanua.

Kuna kisanduku kidogo cha kugawa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kutoka kompyuta hadi projekta. Ukichomeka projekta mbili, zote mbili zinatoa kitu kilekile, kwa sababu kazi ya kisanduku hicho ni kunakili. Watu hukinunua, hukijaribu usiku wa kuamkia onyesho, kisha hulaumu projekta. Unachotaka ni kompyuta iitambue kila projekta kuwa skrini inayojitegemea. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la HDMI, hivyo projekta ya pili itapitia adapta ya USB.

Ukishapanua, projekta mbili za nukta 1920 kwa 1080 zikikaa ubavu kwa ubavu zinakupa uwanja wa 3840 kwa 1080. Ni kama doti ya kanga kabla haijakatwa: kitambaa kimoja, vipande viwili. Basi tengeneza video au slaidi moja yenye upana huo, soko nusu ya kushoto, bahari nusu ya kulia. Kitufe kimoja kinabadilisha pande zote mbili kwa mpigo, wala huhangaiki kuendesha mafaili mawili yasiachane. Kikwazo ni kwamba slaidi za kawaida hujaa skrini moja tu, kwa hiyo zionyeshe ndani ya dirisha, ulivute mpaka lifunike zote mbili. Wenye Mac wana QLab, programu iliyotengenezwa kwa kazi hizi. Na zima arifa za WhatsApp, tafadhali. Ujumbe wa chama ukitokea juu ya bahari, hakuna mwigizaji atakayeurudisha ukumbi.

Dhana ya pili ni alama ya kubadilisha picha. Watu wa maigizo huitaja kwa Kiingereza, "cue", na kila nikijaribu kuiandika kwa Kiswahili inasomeka "kiu", kama vile fundi anaomba maji. Mimi naiita dokezo. Kila dokezo lina namba kwenye mswada, na lifungwe kwenye tendo linaloonekana: "Dokezo 14, mama anatua ndoo." Usiandike "mama akimaliza kusema", maana mtoto wa kidato cha pili akisahau maneno, mwenye laptopu atangoja mpaka kesho. Ndoo, kwa vyovyote, itatuliwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni giza. Slaidi nyeusi si giza. Projekta haina namna ya kumulika weusi. Huvujisha mwanga wa kijivu, na taa za ukumbi zikizimwa unaiona mistatili miwili imesimama ukutani kama madirisha. Kuizima projekta nako si dawa, kwani zile za balbu huchukua muda kuwaka tena. Dawa ni kipande cha boksi kilichofungwa uzi, kinachoshuka mbele ya lenzi bila kuigusa wala kuziba matundu ya feni. Mweke mwanafunzi mmoja kila projekta, na namba za madokezo yake ziandikwe juu ya hilo boksi kwa kalamu nene, maana atakuwa anazisoma gizani.