Je, wajua kwa nini mizizi ya bonsai hunenepa ikiwa imefichwa?

Ukisimama mbele ya bonsai nzuri, yaani mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo lakini uonekane mzee, jicho halianzii kwenye majani. Linaanzia chini, pale shina linapoingia udongoni. Mizizi imetandaa pande zote, minene karibu na shina na myembamba kadiri inavyokwenda mbali, mpaka inazama udongoni kama vidole vya mkono ulioshika meza. Mti una urefu wa sentimita 30 tu, lakini unaonekana umepigwa na upepo na mvua tangu enzi za mababu. Wajapani wana jina la mizizi hiyo ya juu: nebari. Wakuzaji wengi wa bonsai huitazama kabla ya tawi lolote, nami naona wana haki. Tawi baya unalikata, jingine linachipua. Mizizi mibaya huchukua miaka kurekebishika.

Sasa mti uliouotesha mwenyewe kwa mbegu, mbona umesimama kama fimbo iliyochomekwa kwenye chungu?

Chanzo kiko kwenye ncha ya mzizi. Ncha hiyo imevaa kofia ndogo, na ndani ya kofia mna seli zenye chembe za wanga. Chembe hizo ni nzito, hivyo hutuama upande wa chini wa seli, na kwa kutuama kwake mzizi hujua chini ni wapi. Laza mche ubavu, chembe zitahamia upande mpya wa chini, na baada ya saa chache ncha itakuwa imeanza kujipinda kuelekea ardhini. Mzizi wa kwanza wa mbegu hufuata mwito huo kuliko mizizi mingine yote, maana kazi yake ni kuushikiza mche na kutafuta maji ya kina. Porini hiyo ndiyo salama ya mti. Kwenye chungu, mzizi huo hushuka mpaka ukagonga kitako, ukaanza kujizungusha, na mizizi ya pembeni, ile tunayoitamani, ikabaki nyuzi tupu.

Kwa hiyo mzizi mkuu hukatwa, na hukatwa mapema. Najua mkono husita hapo. Lakini ncha yake ikiwa hai huizuia mizizi ya pembeni, kama vile kilele cha mti kinavyoyazuia matawi ya chini. Ncha ikiondoka, zuio nalo huondoka. Oksini, homoni inayotengenezwa hasa na machipukizi na majani machanga, hushuka kupitia shina, hukusanyika juu ya mkato na kuamsha mizizi mipya. Hiyo mipya haivutwi chini kwa nguvu ileile. Hutoka kwa mshazari, mingine karibu ilale kabisa.

Wakuzaji wa misonobari huenda mbali zaidi. Mche ukiwa na wiki chache tu, shina lake bado jembamba kama njiti ya kiberiti, huukata kwa wembe safi chini ya majani ya kwanza na kutupa mzizi wote. Kinachobaki ni kipande kifupi chenye majani kichwani. Huchovywa kwenye homoni ya kuotesha mizizi, huchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kisha husubiriwa. Si yote inayopona. Inayopona hutoa mizizi kuuzunguka mkato, yote kwa kimo kimoja, kama spoki za gurudumu.

Baada ya hapo kazi ni kuinyima mizizi njia ya kushuka. Chukua kigae bapa, kiweke ndani ya chungu kipana au sanduku, tandaza udongo kidogo juu yake, kalisha mti hapo, kisha panga mizizi kwa mikono kama unavyopanga miale ya jua kwenye mchoro. Mzizi unaopita juu ya mwenzake usogeze au uutoe. Mzizi unaoshuka moja kwa moja kutoka kitako cha shina uukate usawa na shina. Ukihamisha mti tena baada ya mwaka mmoja au miwili, rudia yote hayo: chana udongo taratibu kwa kijiti, safisha chini, panga upya. Miti inayopukutisha majani hufanyiwa hivi machipukizi yanapoanza kuvimba, kabla hayajafunguka. Mifikasi, miti ya jamii ya mtini na mkuyu, hufanyiwa wakati wa joto, ikiwa inakua kwa kasi.

Halafu funika. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu tunataka kuona matunda ya kazi yetu. Niliwahi kuotesha vipande viwili vya mfikasi vilivyotoka kwenye tawi moja. Cha kwanza nilikifunua mizizi mwaka uleule, kwa furaha tu. Cha pili nilikiacha kimefunikwa udongo kiasi cha sentimita 2. Baada ya misimu mitatu, mizizi ya kile cha kwanza ilikuwa bado na unene wa penseli, miwili imekauka. Nilipochimbua cha pili nilikuta mizizi minene kama kidole gumba, imeungana na shina hata hujui shina linaishia wapi.

Mzizi hunenepa kwa kazi. Chini ya gome lake kuna tabaka la kambiamu linaloongeza mbao mwaka hadi mwaka, na tabaka hilo hulishwa sukari inayoshuka kutoka kwenye majani. Mzizi uliofunikwa hutoa nyuzi laini urefu wake wote; nyuzi zikinywa maji mengi, mzizi nao hupanuka ili uyapitishe. Ukiufunua ungali mchanga, nyuzi za juu hufa, ngozi hukauka, na unene husimama. Mzizi mwembamba kabisa hufa wote.

Hiyo ndiyo sababu pia majani yaachwe kwanza. Anayetaka kitako kinene asiwe na haraka ya kupunguza matawi. Acha tawi moja la chini likue litakavyo, hata kama linauvuruga umbo, kwa kuwa sukari yake hushuka na kunenepesha shina chini yake na mizizi ya upande huo. Litakatwa siku kitako kitakapotosha.

Mizizi isipolingana, kata ule mnene, uufupishe hasa, na uiache miembamba na nyuzi zake zote. Wengi hufanya kinyume, wakiona huruma kwa mzizi mzuri. Mzizi mnene ukiachwa huendelea kujichukulia sehemu kubwa ya chakula, na wenzake hawaufikii kamwe.

Pengine kuna upande usio na mzizi kabisa. Hapo hupandikizwa: mche mchanga wa aina ileile huchongwa ubavu kidogo, mahali pa kuchongwa hubanwa kwenye jeraha la kitako cha shina, kambiamu ikigusana na kambiamu. Ukishashikana, sehemu ya juu ya mche hukatwa na mzizi wake hubaki kuwa mzizi wa mti.

Na kama mti mkubwa una mizizi isiyofaa hata kidogo, anza upya juu yake. Menya gome kulizunguka shina lote, pete yenye upana unaozidi kidogo unene wa shina, na ukwangue mpaka uone mbao nyeupe. Maji hupanda kwa kupitia mbao, kwa hiyo majani hayanyauki. Sukari hushuka kwa kupitia gome, kwa hiyo hukwama ukingoni mwa juu pamoja na oksini, na hapo mizizi huota kuuzunguka mkato. Ukiacha hata uzi mmoja wa gome umeunganisha juu na chini, mti utaponya kidonda na hutapata mzizi. Funika sehemu hiyo kwa kuvumwani, kimea laini kinachoshika maji, yenye unyevu, au kwa udongo kama iko chini, ukae ukiitunza kwa wiki kadhaa au miezi.

Mfikasi una upendeleo wake: hewa ikiwa na unyevu mwingi, hudondosha mizizi kutoka matawini. Pasua mrija wa kunywea, uvishe mzizi huo, jaza kuvumwani, uelekeze udongoni. Mizizi ya mfikasi inayogusana huungana kabisa, kwa hiyo unaweza kujaza pengo kwa mzizi ulioanguka kutoka juu.

Wakati wa kufunua ukifika, usifunue yote kwa mara moja. Ondoa milimita chache kwa burashi laini na maji, usubiri, uongeze nyingine. Mzizi unaotoka ni mweupe au mwekundu, laini kama ngozi ya mtoto. Baada ya muda juani hukwaruka, hupasuka vipande vidogo, hushika rangi ya gome la shina.