Taya likinyamaza, usiseme limepona

Simamisha vidole vitatu vya mkono wako, kimoja juu ya kingine, uviingize katikati ya meno ya mbele. Vikiingia, taya lako linafunguka vizuri. Watu wazima wengi hufikisha milimita 40 hadi 50. Kazi yangu ni kutibu viungo na misuli kwa mikono na mazoezi. Mwezi uliopita alinijia mama anayeuza mitumba Gikomba, na hata vidole viwili vilimgomea. Rula ilisoma 26.

Alikuwa ameshang'olewa gego, ila maumivu yalibaki palepale, mbele ya sikio. Huwa naumia sana nikisikia hivyo, kwa sababu gego lile halikuwa na kosa.

Nilimuuliza kama taya lilikuwa na mlio. "Lilikuwa linalia ko! nikila, daktari. Halafu likanyamaza, nikajua limepona."

Hapo ndipo wengi hupotea. Ndani ya kiungo cha taya mna kisahani laini kinachoteleza pamoja na kichwa cha mfupa. Kikiponyoka kwenda mbele, hurudi mahali pake kwa mlio kila ukifungua kinywa. Siku kitakapogoma kurudi, mlio hukoma, kinywa hukwama, na ukijaribu kukifungua kidevu huvutwa upande wa kiungo kibovu. Chake kilivutwa kulia.

Nilivaa glavu, nikaweka kidole gumba juu ya magego yake ya chini, nikalivuta taya chini taratibu, naye amelegea. Kisha nikaukanda msuli wa shavu, uliokuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Rula ikasoma 31. Kulazimisha zaidi ya hapo siku ya kwanza ni kukichokoza kiungo.

Nyumbani nilimpa zoezi moja: ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, afungue kinywa bila kuubandua, mara 6, kisha arudie mara kadhaa kwa siku. Lakini kubwa zaidi ni meno. Alipokuwa akitafuta simu mkobani, niliona misuli ya panja ikicheza: alikuwa ameyauma. Usipokula, midomo ifunge, meno yaachane. Wanaotafuna miraa au jojo usiku kucha nao nawasihi wapumzishe taya.

Kinywa kikikaza pamoja na homa, uvimbe, au baada ya jeraha, usije kwangu kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jana mama alirudi. Rula ilisoma 37, akaniuliza kwa furaha kama sasa anaweza kula mahindi ya kuchoma. Nilimwambia bado, kwa sasa ayachemshe, ayapukuchue.